Mstari Ulionyooka Kuliko Wote

Jumatatu, 4 Machi

Kituo cha utafiti wa dawa kinataka mwanafunzi mmoja tu wa mafunzo kazini. Mmoja! Ni mimi, ila kituo hakijaambiwa. Ukishaingia pale, ajira umeshaipata. Mama ameshawatangazia majirani kuwa mimi ni daktari. Nimemweleza kwamba biostatistiki si kudunga sindano, ni kuamua kama sindano inatibu. Akasema basi nina cheo kumzidi daktari. Sikumpinga.

Jumanne, 5 Machi

Mhadhiri ametupa data moja, mimi na Chekeche. Chekeche ni binti wa dawati la mbele, tumemwita hivyo kwa jinsi anavyochuja namba. Wagonjwa wa zahanati: jinsia, umri, uzito, presha, mimba. Ijumaa tunawasilisha mbele ya mkurugenzi wa kituo. Nimechora grafu ya umri na presha. Nukta zimetawanyika kama kuku waliomwagiwa maji. Za Chekeche vilevile, lakini anasema ndivyo watu walivyo. Maskini, hana ndoto.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa! Data ilikuwa shaghalabaghala, mtoto juu ya bibi, bibi juu ya kijana. Nimeipanga. Umri, kutoka mdogo hadi mkubwa. Presha, kutoka ya chini hadi ya juu. Jinsia na mimba, kwa alfabeti. Kila safu kivyake, bila upendeleo. Nikachora upya. Mstari! Umenyooka kama rula! Na sijabadilisha namba hata moja, naapa. Chekeche akachungulia, akauliza kama safu nimezipanga zote pamoja. Wivu huo! Nikamwambia aangalie zake.

Ijumaa, 8 Machi

Nimevaa suti ya baba. Mama alikaa nyuma, mkoba mapajani. Chekeche alitangulia na mstari wake legelege, umejaa "huenda" na "pengine". Nikapanda mimi. Mkurugenzi akasogea mpaka ukutani ilipo grafu, akasema tangu aanze kazi hajaona uhusiano wa namna hii. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akaniomba nimsomee data ya mgonjwa wa mwisho. Nikasoma kwa sauti kubwa: mwanamume, miaka themanini na mmoja, mjamzito.

Walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Aliyepiga makofi ni mama peke yake. Nafasi kapewa Chekeche. Roho imeniuma sana. Nimelia chooni mpaka mkono wa suti ukalowa.

Jumatatu, 11 Machi

Mambo safi! Mhadhiri ameniambia grafu yangu itaonyeshwa kwa wanafunzi wapya kila mwaka, somo la kwanza kabisa. Kila mwaka! Ya Chekeche nani ataiona? Mama keshawapa majirani habari.

Halafu mhadhiri akanituma zahanati nikapime presha kwa mkono wangu, ili nijue kila namba ina mtu wake. Nimemwelewa barabara. Kosa langu lilikuwa kuchelewa: nilipanga namba wakati watu wameshaondoka. Kwa hiyo leo nimewapanga watu wenyewe kwenye benchi, mwembamba mbele, mnene nyuma. Benchi limependeza mno! Muuguzi akaja mbio, anahema, akauliza yuko wapi yule mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Nikamwonyesha kwa fahari. Mwisho kabisa wa foleni, mahali pake hasa.