Hakuna Baridi ya Kumpita Mkurugenzi

Kwa furaha na taadhima kubwa, Idara ya Ubaridi iliutangazia umma kwamba baridi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikijiendea ovyo mitaani bila mwenyewe, sasa imewekwa chini ya usimamizi. Tangu siku hiyo, hakuna mtu ambaye angepoza kitu cha biashara bila idara kujua kinapozwa na nani, kwa kiasi gani na kwa idhini ya nani. Wananchi walilipokea tangazo kwa utulivu. Wengi wao walikuwa juani, na hawakuwa na baridi yoyote ya kuficha.

Mama Maziwa alikuwa nayo kidogo. Aliiweka ndani ya masanduku ya barafu nyuma ya pikapu yake, nayo ilikuwa ikimkimbia kabla hajamaliza kusambaza maziwa madukani. Mara mbili alimwaga mzigo mzima mtaroni huku akilia waziwazi. Ndipo hospitali ya watoto ikamwambia: maziwa yako tunayataka, lakini kuanzia Jumatatu yaje kwa gari la friji, la sivyo tunampa mwingine. Mama Maziwa akapiga moyo konde, akauza pikapu atafute gari. Sasa hakuwa na pikapu wala gari, na Jumatatu haikuwa na habari naye.

"Shemeji, hapa tukiteleza tumekwisha," alimwambia mume wa mdogo wake, ambaye ndiye dereva wake.

"Hatutelezi, shemeji. Twende tukachague, mengine tutajua mbele."

Katika yadi ya magari waliyakuta mawili. La kwanza lilikuwa kubwa, jeupe pe, lina mistari ya dhahabu ubavuni na mapazia kwenye madirisha ya dereva. Mashine yake ya baridi ilikuwa kali, ikiwashwa hadi muuza magari anarudi nyuma. La pili lilikuwa fupi, rangi imebanduka, lakini sanduku lake lilikuwa na kuta nene, na mashine yake ingeweza kuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani injini ikiwa imezimwa.

Mama Maziwa hakuuliza habari za mapazia. Alimwingiza shemeji yake ndani ya lile kubwa, akafunga mlango.

"Unaona mwanga?"

"Naona mpaka viatu vyako!"

"Toka. Panapopita mwanga baridi nayo itapita."

Akamwingiza kwenye lile fupi, akafunga.

"Unaona mwanga?"

Akagonga ubavu wa sanduku.

"Shemeji?"

"Naona giza tupu na ninakumbuka madhambi yangu! Fungua!"

"Ndilo hili," akasema Mama Maziwa.

Ilibaki idhini. Mkaguzi wa Idara ya Ubaridi alifika mchana, kipimajoto kikining'inia kifuani pake kama nishani. Alikuwa mtu mwema, na aliipenda kanuni kuliko wengine wanavyopenda watoto wao. Kwanza alisikitika kwamba mama hakuchagua lile la dhahabu, ambalo kwa mtazamo wa idara lilikuwa na hadhi ya ubaridi. Kisha akaingiza kipimajoto ndani ya lile fupi, akasubiri, akakunja uso.

"Nyuzi nne. Mama, hili si gari tena. Kanuni inasema mahali popote palipo chini ya nyuzi tano ni ghala la baridi. Haingii mtu bila buti nyeupe. Hakai mtu. Haiwekwi karatasi. Na kibali cha kuingia anatia saini Mkurugenzi mwenyewe, mezani pake."

"Buti ninazo," akasema Mama Maziwa. "Karatasi za nini kwenye maziwa? Nipe hicho kibali."

"Siwezi. Iko Kanuni ya Staha. Hakuna chombo wala chumba kitakachokuwa na baridi ya kumpita Mkurugenzi. Ofisi yake ina nyuzi kumi na sita. Wewe kwa heshima tunaweza kukuruhusu kumi na saba."

"Kwa kumi na saba, baba, maziwa yatachacha kabla sijakata kona."

"Yatakuwa yamechacha kihalali," akasema Mkaguzi kwa upole.

Mama Maziwa akamtazama shemeji yake, shemeji akatazama viatu vyake. Kesho yake asubuhi mama akavaa kanga yake nzuri akaenda idarani.

Ukumbi wa Idara ya Ubaridi ulikuwa umepangwa kwa hekima. Mwanzoni alikaa Tarishi, ambaye kwa cheo chake alistahili dirisha. Makarani walikuwa na feni moja iliyozunguka ikijisikia. Wakuu wa vitengo walikuwa na viyoyozi vinavyokohoa. Mwisho kabisa, nyuma ya mlango mzito, alikuwa Mkurugenzi na nyuzi zake kumi na sita. Mgeni aliyetoka kwake akipiga chafya alipishwa njia, maana watu walijua ametoka wapi.

"Mkurugenzi hayupo ofisini. Njoo kesho," akasema Tarishi, na nyuma ya mlango ule mzito Mkurugenzi akasikika akicheka kwenye simu.

Mama Maziwa akakaa kwenye benchi na wenzake wa foleni. Benchi lenyewe lilikuwa uani, juani, kwa sababu kivuli kilikuwa bado hakijapangiwa kitengo. Mkurugenzi alipotoka kunawa mikono, mama akasimama mbele yake akainamisha kichwa.

"Mheshimiwa, sikuja kukupita. Mimi nani nimpite Mkurugenzi? Nimekuja kwa uchungu tu. Mtu mkubwa kama wewe anakaaje na nyuzi kumi na sita, kama mwenye duka la nguo? Gari langu bovu lile lina nne. Mimi nikiwa na nne, wewe unastahili tatu."

Mkurugenzi akasahau kunawa mikono. Kwa miaka mingi watu walikuwa wamemwomba vitu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona kwamba yeye mwenyewe amepunjwa.

"Tatu," akarudia polepole.

"Hata wizarani hawana," akasema Mama Maziwa.

Siku hiyohiyo mafundi waliingia. Kiyoyozi cha zamani kiliposhindwa, idara ililinunua lile gari la dhahabu, ikang'oa mashine yake, ikaifunga juu ya dirisha la Mkurugenzi. Mlango ukavishwa mpira pande zote. Jioni Mkaguzi alipima kwa ajili ya Kanuni ya Staha peke yake, sauti ikamtetemeka kwa fahari: nyuzi tatu. Mkurugenzi, akiwa amevaa koti, alitia saini kibali cha lile gari fupi kwa mkono ulioanza kufa ganzi.

"Kilemba cha ukoka umemvika, na kimemkaa," shemeji alinong'ona wakitoka.

"Nyamaza uendeshe."

Jumatatu maziwa yalifika hospitali ya watoto yakiwa na nyuzi nne kamili. Mpishi wa hospitali alishika chupa moja, akaiweka shavuni, akacheka. Mama Maziwa aligeuka upande ili shemeji yake asimwone akifuta macho.

Idarani mambo yalikuwa yakisonga mbele. Mkurugenzi alivaa makoti mawili na kofia ya sufu. Chai yake ilipoa njiani kati ya kikombe na mdomo. Wakuu wa vitengo waliingia kumsifu na kutoka haraka wakiwa wamebana makwapa. Alipoulizwa kama apandishiwe hata nyuzi moja, alikataa katakata huku meno yakigongana, kwani mtu hashuki cheo kwa sababu ya mafua.

Kisha siku ya ukaguzi wa kawaida ikafika. Mkaguzi aliingia ofisini mwa mkuu wake akapima. Akaangalia kipimajoto. Akaangalia meza, mafaili, kalenda, na miguu ya Mkurugenzi ndani ya viatu vyeusi. Machozi yakamlengalenga.

"Mkuu, hili ni ghala la baridi."

"Unasemaje?"

"Kuna karatasi. Kuna mtu amekaa. Na buti si nyeupe." Akakishusha kipimajoto. "Ulitufundisha mwenyewe, Mkuu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

Mkurugenzi alitafuta katika kanuni zake zote neno moja la kumtetea. Alikuwa ameziandika vizuri mno. Akatolewa nje kwa heshima zote, mafaili yakafuata, mlango ukafungwa. Na kwa kuwa ghala tupu ni ubadhirifu wa baridi ya umma, idara ikamwomba mfanyabiashara pekee mwenye kibali alitumie. Mama Maziwa hakuweza kuikatalia serikali. Alipeleka kreti zake, shemeji akitangulia na buti nyeupe.

Alipotoka alimkuta Mkurugenzi ukumbini, jasho likimtiririka shingoni. Akamfungulia chupa ya maziwa. "Kunywa, mheshimiwa, upoe." Mkurugenzi akanywa yote bila kupumua, kisha akamgeukia Tarishi.

"Nifungulie, nimesahau miwani yangu mezani."

"Una kibali, Mkuu?"

"Kibali natia saini mimi!"

"Mezani pako, Mkuu."

"Meza imo ndani!"

Tarishi alifikiri sana. Alikuwa mtumishi mwaminifu, na kazi ile alikuwa ameifanya muda mrefu.

"Basi Mkurugenzi hayupo ofisini," akasema. "Njoo kesho."

Kule uani watu wa foleni walimwona akija, wakasogeana wampe nafasi.

"Mwisho wa benchi, mzee," mmoja akamwambia. "Hapo penye jua."