Dakika Arobaini za Bure

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Mlima Meru hauonekani, umejifunika ukungu tangu Jumamosi. Nimebeba magunia ya kahawa mpaka mgongo umekataa. Kwetu Kasulu, Kigoma, saa hizi ningekuwa naota jua.

Ila leo kuna jambo. Mama Aikaeli, mwenye kiwanda hiki kidogo cha kukaanga kahawa hapa Sakina, anatafuta huduma ya mikutano ya mtandaoni. Bi Catherine wa Dodoma, mwenye hoteli, anataka kununua kahawa ya msimu mzima, lakini kwanza awaone wakulima na kuzungumza nao wenyewe. Lilian wa ofisini akasema kuna huduma nzuri, inalipiwa kila mwezi. Mama akauliza kama hakuna ya rahisi zaidi. Nikasema ipo ya bure. Nilikuwa mlangoni na gunia begani, wala sikuulizwa.

Mama akasema ikifaa, mikutano yote nitaisimamia mimi, ofisini, nimekaa kwenye kiti. Kiti! Lilian akanitazama kama mtu aliyekuta panya juu ya meza.

Jumatano, 16 Julai

Jaribio. Mzee Gadiel, mwenyekiti wa wakulima huko juu mlimani, aliwakusanya wenzake sebuleni kwake mbele ya simu moja. Akafungua kwa sala. Aliombea mvua, kahawa, hoteli ya Bi Catherine, wagonjwa wa usharika kwa majina yao, na mtambo unaotuunganisha. Kisha kila mkulima akamsalimia Mama, akaulizia watoto, ng'ombe na migomba. Mama akawajibu wote, mmoja mmoja. Mzee akakohoa, akasema sasa tuingie kwenye ajenda ya kwanza. Skrini ikawa nyeusi.

Lilian akasema hizi za bure hukata baada ya dakika arobaini. Kumbe. Ile 40 niliiona, nikadhani ni idadi ya watu wanaoruhusiwa. Niliishia kidato cha pili, na Kiingereza kiliishia kabla yangu.

Nikamwambia Mama ni umeme. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepanda mpaka kwa Mzee Gadiel kumwomba afupishe. Shikamoo, marahaba, chai, ndizi. Nikasema sala iwe ya sentensi mbili, na salamu waziache kabisa. Akanitazama kwa huruma.

"Kijana, huko kwenu Kigoma mtu anataja bei akiwa bado mlangoni?"

Mkewe, Mama Magreth, akasema niongezewe ndizi, huenda ni njaa.

Akili ilinijia wakati nateremka. Mikutano miwili! Wa kwanza wa sala na salamu, uachwe ukatike wenyewe. Halafu tunafungua wa pili, Bi Catherine anaingia, ni bei tu. Yote bure. Lilian aanze kuzoea kusimama.

Ijumaa, 18 Julai

Mkutano wa kwanza ulikwenda vizuri sana. Walisali, wakasalimiana, ukakatika. Nikafungua wa pili. Bi Catherine akatokea, kilemba kimekaa sawa, kalamu mkononi. Nikamwambia Mzee ataje bei.

Mzee akasema mgeni ameingia, na mgeni haanzi mazungumzo bila kuombewa. Nikamkumbusha kwamba wametoka kusali sasa hivi. Akasema ile ilikuwa yao, huyu bado.

Wakaanza upya. Safari hii na wimbo, kwa heshima ya mgeni. Bi Catherine naye, kumbe mwanakanisa, akajibu kwa sala ya kwake. Nilitokwa jasho kwenye baridi. Mwisho akafungua daftari.

"Haya wazee wangu, mimi kwa kilo moja natoa..."

Skrini nyeusi.

Mama Aikaeli hakufoka. Afadhali angefoka. Baadaye Bi Catherine akatuma ujumbe kwamba atatusikiliza Jumatatu kwa mara ya mwisho. Watu wa Mbinga nao wana kahawa, na hawajawahi kumkatia maneno.

Jumatatu, 21 Julai

Mama amelipia ile ya Lilian. Mkutano umeanza asubuhi, umeisha mchana. Sala, wimbo, salamu, ng'ombe, sala tena, bei. Bi Catherine amenunua yote. Lilian amekaa kwenye kiti, kumbe kinazunguka. Magunia ya Dodoma nimeyapakia mimi.

Jioni akanifuata Yona, fundi wa madirisha wa jirani. Anataka kufanya mkutano wa mtandaoni na kamati ya ujenzi ya kanisa moja, wakubaliane juu ya madirisha. Kasikia mimi ni mzoefu. Nikamshauri asitupe hela, achukue ya bure, mkutano nitausimamia mwenyewe. Akauliza kama muda utatosha, maana mchungaji naye atakuwepo.

Nikamwambia hapo ndipo penyewe. Mtu aliyezoea kusali husali haraka.