Malalamiko Kuhusu Rafu ya Viatu

Kwa Mkuu wa Kituo cha Utafiti wa Tabianchi na Sera za Umma,
Chuo Kikuu.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba chai ya ofisini kwenu bado ina sukari. Mimi ni Afisa Uhusiano wa kiwanda cha sabuni, yule mliyemtumia dodoso la maswali arobaini naye akalirudisha na jibu moja. Naandika kwa masikitiko makubwa, na kwa idhini ya Mkurugenzi wangu, kumlalamikia mtafiti wenu, yule dada wa mabuti ya mpira.

Simchukii. Ana adabu, na kitabu cha wageni alikisaini bila kuvutana na mlinzi. Tatizo ni ripoti yake, itakayosomwa Ijumaa mbele ya kamati ya baraza la mji. Humo amesema ukuta wa bwawa letu la majitaka hautahimili mvua kubwa ijayo, na ukibomoka maji yatashuka moja kwa moja kwenye chumba cha kufungashia sabuni, wanamofanya kazi wanawake arobaini. Tunaomba ripoti hiyo iahirishwe hadi mvua ziishe, ili ijadiliwe kwa utulivu. Sababu zetu ni hizi:

1. Mtafiti alikuja kuuliza habari za kiwanda, akanipita mimi niliyevaa tai, akaenda kumuuliza mpika chai. Mpika chai wetu hana mafunzo ya kujibu maswali. Ukimuuliza kitu, anakujibu.

2. Baada ya hapo alishuka chini akapiga picha rafu. Ni rafu ya mbao tu, Ndugu Mkuu. Mawingu yakitanda, akina mama wa kufungashia huvua viatu, huvipanga juu ya rafu hiyo pamoja na mikoba yao, kisha huendelea na kazi pekupeku. Wamefanya hivyo miaka mitatu bila kumsumbua mtu. Mtafiti wenu ameiita rafu hiyo "ushahidi wa hatari inayojulikana na wafanyakazi na kupuuzwa na uongozi". Maneno kumi kwa rafu moja! Hata hivyo sisi ni wasikivu, na tulichukua hatua siku hiyo hiyo: rafu imeng'olewa. Tulitarajia hatari nayo ipungue, lakini rasimu yenu mpya inaonyesha imeongezeka. Mambo kama haya yanawavunja moyo wanaojirekebisha.

3. Kuhusu ufa, tunakiri upo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tunao tayari.

4. Hesabu zenu zina upendeleo. Mnasema chumba cha kufungashia kitajaa maji hadi darini. Kwa nini mmechagua chumba kimoja? Ofisi ya Mkurugenzi iko ghorofa ya nne, na huko halitaingia hata tone. Jumlisha vyumba vyote viwili, gawa kwa mbili, utaona hakuna anayezama. Kila mtu analowa hadi kifuani, Mkurugenzi akiwemo, na amesema yuko tayari kulowa kiasi hicho kwenye karatasi.

5. Mnauliza nani atawajibika. Swali hili limetuumiza, maana tuna Kamati ya Uwajibikaji yenye wajumbe tisa. Tumeugawa uwajibikaji kwa haki, hata kila mjumbe amepata kipande kidogo kisichoweza kumuumiza. Ninyi sasa mnataka kuukusanya tena na kumtwika mtu mmoja! Huo ni uonevu.

6. Mmeandika kwamba hatuna sera ya tabianchi. Tunayo. Imechapishwa kwenye karatasi inayong'aa na jalada lake lina picha ya mti mzuri sana. Mti wenyewe ulikatwa tulipopanua maegesho, lakini picha ipo.

7. Mwisho, na hii ndiyo hoja yetu nzito. Mke wangu mwenyewe ni mmoja wa wale wanawake arobaini. Kama kweli kungekuwa na hatari, mimi ningekaa ghorofa ya tatu nikipuliza chai huku mama wa watoto wangu yuko chini ya bwawa? Nilipomweleza Mkurugenzi hoja hii alipiga makofi. Nilipomweleza mke wangu, hakupiga.

Kwa hiyo, pamoja na kuiahirisha ripoti, tunaomba mtafiti ahamishiwe kwenye utafiti wa ukame. Huko atapata watu wengi wa kuzungumza nao, nasi hatutakuwa na la kusema.

Wasalimie wahadhiri wote, wakutubi, na bawabu wenu aliyenitunzia mwavuli wangu. Mtafiti naye msalimie. Mwambie yale mabuti aliyoyaacha kwa mpika chai yako salama, akina mama wanayavaa kwa zamu.

Nakuaga kwa heshima zote, nikiwa bado mkavu,

Afisa Uhusiano,
Kiwanda cha Sabuni.

Nyongeza: Nakala aliyoipitisha Mkurugenzi inaishia kwenye sahihi. Ndani ya bahasha hii utakuta taarifa ya mhandisi wetu wenyewe, kurasa sita, ya miaka miwili iliyopita. Penye hatari ya ukuta aliandika "kubwa sana". Ilipochapishwa ilisomeka "ndogo", na aliyebadilisha ni mimi. Kamati ya baraza ikitaka kuniuliza, Ijumaa nitakuwepo. Juzi nilimsihi mke wangu aombe likizo hadi mvua zipite. Akaniuliza wenzake thelathini na tisa wakaombe kwa nani. Tafadhali, ripoti ya mtafiti isomeni Ijumaa hiyo hiyo.