Darasa Lililozaliwa Siku Moja

Leo nimepata haya, wapendwa. Haya ya kutoa jasho!

Mnajua nafundisha hesabu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na mnajua nimeomba kazi Mbarara. Basi leo madam, mkuu wa shule moja ya Kakoba, huko huko Mbarara, akaja kuniona nikifundisha. Nikavaa koti. (La shemeji.)

Nikachagua somo la bahati. "Mwaka una siku mia tatu sitini na tano," nikawaambia wanafunzi. "Lakini katika watu ishirini na watatu tu, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja ni nusu kwa nusu. Nyinyi mko arobaini. Karibu hakika! Madam, tazama maajabu."

Kila mmoja akaandika tarehe yake kwenye karatasi. Nikaanza kusoma kwa sauti.

Januari mosi. Januari mosi. Januari mosi...

Karatasi thelathini na moja! Darasa zima likaangua kicheko.

"Mwalimu," akasema Furaha, Mkongomani wa dawati la mbele, "si unajua? Siku ya kuandikishwa kambini, benye habakujua tarehe yabo, bote baliandikiwa ile."

Nilijua! Wiki nzima nimepiga hesabu, nikasahau tunaishi wapi.

Nikajikaza. "Hao tuwatoe. Wamebaki tisa. Tisa ni wachache mno, kufanana ni vigumu." (Ningenyamaza tu.)

Nikasoma. Kweli, hakuna aliyefanana na mwenzake. Nikapumua. Ya mwisho ilikuwa ya Jeanine, Mrundi: Agosti kumi na saba. Mama yake haisahau, alimzaa siku ya harusi ya dada yake.

Madam akasimama polepole. "Hata mimi," akasema. "Hiyo siku."

Mama wa Mbarara na msichana wa Burundi wakatazamana kama pacha waliopotezana. Najua hesabu: jambo kama hilo lazima litokee mahali fulani, siku fulani. Lakini mbele ya macho yangu, wapendwa! Kwa nini leo? Kwa nini hao wawili? Nywele za mikono zilinisimama, na mpaka sasa hazijalala.

Ndipo madam akanigeukia. "Na wewe, mwalimu, walikuzaa siku gani?"

Nikatazama mabati ya paa.

"Januari mosi."

Walicheka mpaka darasa la jirani likaja dirishani. Madam alishika meza asianguke.

Ameondoka na namba yangu ya simu. Sijui ataniita kazini ama atawasimulia tu wenzake kichekesho hiki. Msicheke, tafadhali. Niombeeni.