Mteja Bandia wa Duka la Vitenge

Jumatatu, 15 Septemba

Siamini! Video ya dada yangu Severa imefika hadi shuleni kwetu. Severa anauza vitenge dukani kwa Trupti, Kariakoo. Kaigiza mteja anayefunuliwa rafu nzima, kisha anasema, "Ngoja nizunguke, narudi." Nilicheka. Akina mama wa mjini hawakucheka. Wanasema duka linawadharau.

Jumanne, 16 Septemba

Duka limetoa tangazo: hayo ni maoni binafsi ya mfanyakazi. Watu wamelitukana hata tangazo! Jioni Severa kasimamishwa. Kazi ikipotea, chumba chetu cha Buguruni nacho basi. Nimepata mbinu. Nitamtetea mtandaoni kama mteja. Ana kwa ana siwezi. Hata shikamoo naisema nikitazama viatu.

Jumatano, 17 Septemba

Niliandika: "Mimi ni mama wa watoto wanne. Severa alinihudumia kwa staha isiyo kifani." Majibu mia! Natazama jina lililotuma. Nimetuma kwa akaunti ya duka! Niliifungua mimi mwaka jana, bado imo kwenye simu yangu. Mmoja kauliza hao wanne duka limezaa na ghala la nani. Trupti kampigia Severa: huyo ni mdogo wako Candida tu, mwambie aiondoe akaunti yangu. Nimeapa nitaiondoa.

Alhamisi, 18 Septemba

Makubwa! Nilipita baada ya shule. Akina mama wamejaa dukani, kila mmoja anataka afunuliwe kila kitenge. Kisha kwa sauti moja: "Ngoja tuzunguke, tunarudi!" Wakaondoka. Trupti kabaki peke yake, vitenge hadi kiunoni. Akampigia Severa: njoo ukunje, mdogo wangu, nakufa.

Ijumaa, 19 Septemba

Mama wa Msimbazi, mkali kuliko wote jana, karudi kweli! "Si nilisema narudi? We mtoto ulinicheka." Severa kapiga magoti, kaomba radhi, kamfunulia rafu nzima upya. Mama kapunguziwa bei, kachukua sita. Severa karudishwa kazini. Video marufuku.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimetafakari. Bila shaka ni maandishi yangu yaliyowalainisha. Kosa lilikuwa yule mama wa watoto wanne, angefaa mwanamume. Nimeandika upya: mstaafu wa bandarini, mwenye wake wawili na shukrani isiyo kifani. Nimetuma.

Severa anapiga simu kutoka dukani. Trupti anauliza duka limeoa lini.