Mbuzi ya Kichwa ya Papa Mathe

Lundi, tarehe 2 mwezi wa sita. Butembo.

Niko na kazi! Bon, niko karibu na kazi.

Jana nilikuwa Beni, kwao Godelive, muchumba wangu, pale Bungulu. Papa yake aliniuliza natumika wapi. Papa Mathe anauza kakao ya Mbau. Mutu mukubwa, sauti yake inafika barabarani. Alisema hawezi kutoa binti yake kwa mutu asiyekuwa na kazi yenye jina. Nilifungua kinywa niseme ukweli, kama nasaidia ku saluni ya dada yangu, nasafisha bamama nywele. Kinywa ikasema yake: natumika ku imagerie ya ubongo, kupiga bichwa picha!

Siyui ilitoka wapi. Non, najua. Ilitoka ku affiche niliona ku ukuta ya clinique moja mupya hapa Butembo. Balileta mashini ya kupima ubongo na banatafuta aide, musaidizi. Papa Mathe alisema hiyo kazi iko na jina kweli. Dimanche, siku ya misa, jamaa zote mbili zitakaa pamoja. Kama ni kweli, atanipokea. Kama ni uongo, nisikanyage tena Bungulu.

Yaya Kanyere, dada yangu mukubwa mwenye saluni na mwenye kunilisha, alisema njia ya muongo ni fupi. Godelive alinitumia sauti ku WhatsApp: kama unadanganya papa, danganya kidogo, tusikose mahali ya kugeukia.

Mardi, tarehe 3.

Nilienda clinique na shati ya misa. Mukubwa wa mashini ni Madame Rachida, mama wa Beni, alisomea Kampala, kitambaa yake ya kichwa nyeupe, imepigwa pasi vizuri. Aliuliza diplome yangu. Nilisema iko njiani, inatoka Kirumba, barabara imeharibika. Aliuliza ni masomo gani ya Kirumba yanafundisha ubongo. Nilikohoa.

Lakini alikuwa anatafuta kichwa ya kujaribia mashini. Nilitoa yangu! Alinipima na mètre kama fundi wa nguo, akachora na crayon, akabandika nyuzi pande zote. Alisema nifunge macho, nisiwaze kitu. Niliwaza Godelive. Mistari ikaruka ku écran ya mashini! Niliuliza kama hiyo ni mapendo. Alisema hapana, nilipepesa macho. Kisha nikalala. Alisema na hiyo pia ilionekana.

Nilipiga écran photo, nikatumia Godelive: hii njo mapendo yangu kwako. Alijibu inafanana na barabara ya Mbau wakati wa mvua.

Madame Rachida alisema hii kazi inaomba batu wengi: wa kusoma mistari, wa kutengeneza mashini ikikufa, wa kutayarisha bagonjwa. Nilisikiliza sana. Leo aide, kesho technicien, kisha directeur. Kazi haijapatikana bado, lakini kichwa yangu imeshaingia.

Mercredi, tarehe 4.

Akili! Mungu alinipa akili!

Nilirudi clinique kuomba tena. Bagonjwa ba kesho balikuwa inje ku cour, banangoja kupewa saa yao. Niliwaza: hakuna mutu wa Butembo anaenda kupigwa picha na nywele ovyo. Ata mutoto wa batizo anapakwa mafuta. Donc nilipita katikati yao na sauti ya agent wa clinique, nikasema picha ya ubongo inapita kwanza ku nywele. Bakuje kesho bamesuka, bamepaka mafuta vizuri. Saluni Kanyere iko nyuma ya soko, bataje jina yangu.

Balienda wote! Mupaka jioni viti havikutosha. Mama mumoja alivaa na perruque, nywele ya bandia, juu ya kusuka. Usiku yaya alinipa paja ya kuku. Paja! Siku zote napewa shingo. Nilikula polepole, nikimuangalia.

Jeudi, tarehe 5.

Ee Nyamuhanga, Mungu wetu.

Nyuzi zilikataa. Kila ukibandika, inateleza. Madame Rachida alipangusa, akabandika, ikaanguka. Alipangusa tena, ikaingia ku shingo ya mutu. Alisema, polepole sana, ya kuwa kichwa ya kubandikwa nyuzi inaombwa ikuwe safi, kavu, bila mafuta ata tone. Kisha akauliza nani alibaambia bapake mafuta. Mikono yote ilinionyesha. Ata ya mama wa perruque, na nilikuwa nimemubebea kitambulisho!

Phinées alicheka mupaka machozi. Phinées ni ule anatafuta kazi moja na miye, diplome ya infirmier, muuguzi, ndani ya plastique, viatu vinang'aa. Madame Rachida hakucheka. Alisema basini njo zile, maji njo ile, mwenye kutaka kazi aanze. Phinées alijibu hakusoma miaka yote ile ili asafishe batu kichwa.

Na miye, nimefanya nini maisha yangu yote kwa yaya Kanyere? Nilikunja shati. Nilimwita yaya akuje kufumua. Alikuja, alifumua kazi yake yote ya jana bure, bila kuniangalia. Nilisafisha mumoja kwa mumoja, maji ya vuguvugu, vidole tu, hapana kucha. Mama wa perruque alilala mikononi mwangu na kukoroma. Madame Rachida alisimama ku mulango muda murefu. Alisema atanijaribu mupaka samedi.

ESSAI! Jioni nilipewa sombe, majani ya muhogo. Bila kuku. Sombe ya kimya.

Vendredi, tarehe 6.

Lazima niandike.

Saa ya asubuhi aliingia mugonjwa na kofia ya manyoya mupaka ku nyusi, miwani nyeusi, koti ya mvua na hakuna mvua. Alikaa ku kiti ya basini. Akatoa kofia.

Papa Mathe!

Miye nilikuwa nimevaa tablier ya yaya ya saluni, ile ya maua. Tuliangaliana. Kila mumoja alitafuta pa kukimbilia, lakini mulango ni moja na Madame Rachida alikuwa ndani yake.

Kwetu mukwe hapana gusa kichwa ya papa mukwe. Unamusalimia mbali, macho chini, ukikutana naye ku kichochoro unageuka. Na hapa niko na sabuni! Papa Mathe alisema heri afe. Madame Rachida alisema hakuna mutu mwingine wa kusafisha, na groupe ya umeme iko inakula mazout, donc apite ku mashini kwanza, njo afe.

Madame Rachida alipotoka, papa alinisemesha chini chini. Ameanguka mara mbili ku dépôt ya kakao. Mara ya pili alijikuta chini, ulimi una damu. Majirani bameanza kunong'ona kifafa, bachawi, alikula mali ya batu. Bibi yake hajui. Beni angeonekana, njo alikuja Butembo na kudanganya anafuata bâche za kukaushia kakao. Ile sauti ya kufika barabarani ilikuwa nyembamba. Mabega yamepanda mupaka ku masikio. Nilimuhurumia mupaka roho ikauma.

Nilimwambia: papa, funga macho. Leo miye si mukwe. Miye ni maji tu.

Alifunga. Nilimusafisha kama nasafisha mutoto muchanga. Nilimuuliza bei ya kakao, juu nilijua itamufanya atukane banunuzi. Alibatukana wote, na mabega yakashuka. Wakati wa nyuzi alinyoosha mukono chini ya kitambaa ya kumufunika, Madame asione. Niliushika mupaka mwisho.

Docteur wa clinique alisoma mistari, akamupa dawa za kumeza kila siku, akasema ni ugonjwa kama ingine, si uchawi. Papa alivaa kofia. Ku portail, akitoka, alisema: kumbe imagerie ya ubongo ni basini. Nilisema basini ni département ya kwanza. Hakucheka. Alisema nimegusa kichwa yake, desturi imevunjika, juu ya mahari nitaongeza mbuzi moja. Mbuzi ya kichwa.

Nilirudi nikilia juu ya mbuzi. Yaya njo aliniuliza: wee mujinga, mutu akifukuzwa anaombwa mahari?

Niliruka mupaka nikagonga casque ya kukausha nywele.

Samedi, tarehe 7.

Kazi ni yangu! Aide, kweli kweli, na blouse nyeupe. Madame Rachida alisema mikono yangu iko na akili kuliko kinywa yangu. Nilipokea kama sifa.

Papa Mathe alitelefona. Kesho nitasema miye ni aide, nasafisha bichwa ya bagonjwa, basi. Nikiongeza neno moja, naongeza mbuzi moja. Na siri yake nifunge kabisa. Niliapa kwa Biblia. Yaya alilia kwa furaha. Paja ilirudi.

Dimanche, tarehe 8. Beni, Bungulu.

Bananipokea!

Papa Mathe alisimama mbele ya jamaa na koti yake ya misa. Alisema huyu kijana anasafisha bichwa ya bagonjwa, yeye mwenyewe aliulizia, ni kazi ya heshima na iko na jina. Nilinyamaza. Nilinyamaza wakati wa wali, nikanyamaza wakati wa nyama. Siri ya papa iko ndani yangu kama jiwe, haitatoka ata siku moja. Godelive aliniuliza kama niko mugonjwa.

Kisha shangazi yake akauliza, tu hivi, sasa ndani ya ubongo munaonaga nini?

Nilijikaza, naapa. Kinywa ikasema: tunaona mutu mwenye kudanganya.

Bamama bakaweka vijiko chini. Shangazi aliuliza kama ata uongo ya bwana ya mutu inaonekana. Nilisema ya bwana njo inaonekana zaidi. Basi bamama wote wa Bungulu batashuka Butembo mercredi, kila mumoja na bwana yake. Kule mbele Papa Mathe aliinua kidole moja. Kisha cha pili. Kisha cha tatu. Godelive alicheka mupaka Fanta ikatokea puani, akanishika mukono mbele ya batu wote.

Madame Rachida ataelewa. Nitamwambia ni campagne ya kutangaza clinique.

Na basiseme sijifunzi. Safari hii nilibaambia bakuje bila mafuta. Kusuka ni kisha ya picha, kwa yaya Kanyere, nyuma ya soko, bataje jina yangu.