Benchi Libaki Lilipo

Jumatatu, 4 Machi

Imetosha! Shemeji, kaka wa mke wangu, amelisogeza tena benchi langu. Yeye hutengeneza simu, mimi ni kinyozi, milango yetu imepakana na kibaraza ni kimoja. Benchi nilipewa na baba mkwe siku ya harusi. Mimi, si yeye! Kila siku nalikuta limesogea kidogo kuelekea kwake, na wateja wangu wakishakaa huko wanaanza kuulizia vioo vya simu. Nimemkabili. Akasema eti wateja wenyewe ndio wanaofuata kivuli. Kivuli! Tutaonana mahakamani. Mke wangu akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui kisima kinahusu nini hapa.

Alhamisi, 7 Machi

Mimi sasa ni mdai, Shemeji ni mdaiwa. Raha iliyoje! Ila karani wa mahakama amesoma hati yangu ya madai, akauliza ushahidi uko wapi. Kusogea kidogo tu hakutoshi, akasema, hata mbuzi anaweza kulisukuma. Haya. Shemeji alipokwenda kula mchana, nikamwomba mteja wangu, mwalimu mmoja, ashike upande wa pili. Nilikuwa nimemnyoa nusu kichwa, hakuwa na pa kukimbilia. Tukaliweka benchi mlangoni kabisa kwa Shemeji. Nikapiga picha, nikaliacha hapo hapo ili ushahidi usiharibike. Kisha nikala kiapo kwamba nililikuta hapo. Si uongo sana. Nilipogeuka, nililikuta.

Jumatano, 13 Machi

Niliomba zuio la muda, Shemeji asiliguse benchi mpaka kesi iishe. Hakimu amekubali! Nusura nipige vigelegele. Kisha akamalizia: asiliguse yeyote, mdai wala mdaiwa, libaki lilipo. Lilipo! Lilipo ni mlangoni kwa Shemeji! Nikasimama nikamkumbusha kwamba aliyeomba zuio ni mimi. Akasema ndiyo maana amenipa.

Ijumaa, 15 Machi

Wateja wanakaa kwa Shemeji kutwa nzima, tena kwa amri ya mahakama. Kwangu ni kusimama, na nani atasimama kungoja wembe? Wanavuka barabara kwa kinyozi mwingine. Mambo yakienda hivi mwezi mzima, nitafunga. Shemeji amenitumia kiti cha plastiki kupitia kwa mke wangu. Nimekikataa, kimebaki nyumbani. Anataka tumalize nje ya mahakama, mjanja yule. Kikulacho ki nguoni mwako! Mke wangu haongei nami. Anaongea na kiti.

Jumatatu, 25 Machi

Aibu! Shemeji hakuja hata na wakili. Aliomba tu picha yangu ikuzwe. Kumbe mlango wake una kioo, na ndani ya kioo nipo mimi na simu, na pembeni yangu mwalimu, shuka shingoni, nywele upande mmoja, mkono bado uko kwenye benchi. Mwalimu akaitwa kutoa ushahidi. Nikaweka pingamizi. Likatupwa.

“Nililibeba, mheshimiwa,” mwalimu akasema. “Kichwa changu kilikuwa mikononi mwake.”

Hata karani alicheka. Hakimu akaniambia kwamba aliyekula kiapo cha uongo anaweza kulala gerezani. Shemeji akanyanyuka akaomba nisamehewe, dada yake asije akabaki peke yake. Hakimu akanionya vikali, akaifuta kesi. Shemeji hakutaka hata gharama za kesi. Amenisamehe mbele za watu! Sijawahi kudhalilishwa namna hii.

Jumanne, 26 Machi

Nimefika na kukuta benchi liko mlangoni kwangu, limeoshwa, na ule mguu uliokuwa ukilegea umepigwa msumari. Shemeji alilileta alfajiri. Wateja wamerudi. Mke wangu ameanza kuongea, na neno lake la kwanza lilikuwa, “Kamshukuru kaka yangu.”

Nilikuwa nakwenda, kweli. Nilishafika nusu ya kibaraza. Ndipo nikajiuliza: nani alimruhusu kupigilia msumari kwenye mali yangu? Huo si uharibifu wa mali? Nimerudi ndani, nimeanza hati mpya ya madai. Msumari nimeupinda kidogo utokeze vizuri kwenye picha. Na safari hii mimi si mjinga: kioo cha Shemeji nimekiziba kwanza kwa gazeti. Mwalimu amenishikia.